Namwamini au naiamini: shajara ya mradi wetu, Tanga

Wiki ya 1, Jumatatu

Wenzangu wameshuka Kange alfajiri, macho mekundu kwa basi la usiku. Mimi sikuhitaji basi, kwetu ni hapahapa Ngamiani, na ndiyo sababu Dokta kanitwika shajara hii. "Wewe wanakufahamu, watakwambia." Tuko wanne, watu wa chuo kikuu: Dokta, mtu wa takwimu, kijana wa kompyuta na mimi. Swali letu ni fupi. Mtu wa Tanga akipata habari kwenye simu, anaamuaje kwamba hii ya kuaminika na ile si ya kuaminika?

Siku nzima imekwenda kwenye mihuri. Mkoa, wilaya, kata, mtaa, na kila ofisi inataka nakala ya barua ya ofisi iliyotangulia. Mtendaji wa mwisho alivitazama vishikwambi vyetu akauliza kama sensa imerudi. Ile ya Agosti 2022 iliwazoesha watu: mgeni mwenye kishikwambi mlangoni amekuja kuhesabu vichwa. Afadhali huyo. Mtaa wa pili tuliulizwa kama sisi ni watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kali, na mlango ukafungwa hatujajibu.

Wiki ya 1, Jumatano

Tumeshinda ndani tukipanga hojaji. Niandike tulikoanzia, maana naona huko mbele tutapaacha mbali.

Mfano wetu ni kazi ya maabara ya B.J. Fogg, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 2002 walichukua tovuti 100, za afya, fedha, habari, safari na kadhalika, wakawaonyesha watu 2,684 kwa jozi: tazama hii na hii, ipi inaaminika zaidi, na kwa nini. Hayo "kwa nini" ndiyo yaliyokuwa mali. Walipoyasoma maelezo ya washiriki, wakakuta asilimia 46.1 yanagusa sura ya tovuti: rangi, mpangilio, ukubwa wa maandishi. Watu wamekaa kupima habari za afya na fedha zao, wanachosema ni kwamba ukurasa umependeza. Wataalamu wa afya na fedha walioulizwa kando hawakujali urembo kiasi hicho. Wao walitafuta nani ameandika na anauza nini.

Fogg akajenga nadharia yake juu ya hayo: ili kitu kiathiri imani yako, kwanza lazima kikuingie machoni, kisha ukipe maana. Usichokiona hakikusaidii, hata kiwe sahihi namna gani.

Basi na sisi tumetengeneza jozi kwa Kiswahili. Kurasa mbili za shinikizo la damu, mbili za malaria, mbili za ajira, mbili za hali ya hewa. Kijana wa kompyuta kazipanga vizuri kweli kwenye vishikwambi. Kesho kutwa majaribio ya awali, Makorora.

Wiki ya 1, Ijumaa

Majaribio yamekufa, na nimeona yalivyokufa.

Mshiriki wa tatu alikuwa mama anayekaanga mahamri barazani kwake. Mikono imejaa unga, kwa hiyo alikuwa akisukuma kioo kwa kifundo cha kidole, kwa ustadi wa mtu aliyezoea. Nikamwonyesha jozi ya shinikizo la damu. Akatazama wa kushoto, akatazama wa kulia, akageuza hamri moja, akarudi kwangu.

"Huu kanitumia nani?"

"Hakuna aliyekutumia, mama. Chukulia umeukuta tu mtandaoni."

"Nimeukuta wapi?"

"Umetafuta mwenyewe."

"Mimi sitafuti. Natumiwa." Akapuliza unga kwenye kioo. "Sasa kama hakuna aliyenitumia, nitajuaje?"

Nilimsihi achague japo mmoja. Akachagua wa kulia kwa sababu kidole kilikuwa kimeshaufikia. Kwenye kisanduku cha "kwa nini" nimeandika maneno yake kama yalivyo: "Mimi nakuamini wewe mwanangu, niambie tu ipi ya kweli." Mtu wa takwimu jibu hilo kalitia kwenye fungu la "Mengineyo". Wengine wanne leo wamejibu kwa namna ileile, na wote wako "Mengineyo".

Usiku Dokta kauliza tatizo ni washiriki au ni hojaji. Hakuna aliyejibu, tukala wali.

Wiki ya 2, Jumatatu

Tumeziacha jozi za tovuti. Sasa tunamwomba mshiriki, akiridhia, akumbuke habari tatu alizotumiwa karibuni, atusimulie zilimfikaje na alifanya nini nazo. Simu inabaki mkononi mwake, sisi hatuigusi. Hili tumelisisitiza kwa sababu watu wanaijua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, wengine wanakitaja hadi kifungu cha 16 cha taarifa za uongo kama wanavyotaja aya. Mgeni akiomba kuona ulichosambaza, unamfikiria mengine.

Katika siku moja tumepata maneno mengi kuliko wiki nzima iliyopita. Kazi yangu ya usiku ni kuyaandika kutoka kwenye kinasa sauti. Saa tano sasa, mbu wananimaliza.

Wiki ya 2, Jumanne

Jambo hili nimeliona saa saba usiku na asubuhi bado nalipenda, kwa hiyo naliandika.

Tangu mwanzo tulisumbuka na neno. Mada yetu kwa Kiswahili tuiite nini? "Uaminifu" ni tabia ya mtu asiyeiba. "Ukweli" ni kitu kingine, habari ya kweli inaweza isiaminike. Tukaishia "kuaminika", na swali likawa: "Je, habari hii inaaminika?" Watu wanalijibu kwa adabu, kisha wanaanza kuzungumza Kiswahili chao.

Na katika Kiswahili chao, ukisikiliza, kitenzi chenyewe kinakwambia imani imetua wapi. Dereva wa bajaji, kuhusu tangazo la kazi za bomba la mafuta Chongoleani: "Niliiona, lakini sikumwamini." Sikumwamini. Tangazo halina ubaya, aliyelileta ndiye mwenye ubaya. Mwanafunzi wa sekondari, tangazo hilohilo: "Siiamini, halina tarehe." Huyu anaisema habari. Mama mmoja wa Mikanjuni, habari ya dawa ya tumbo: "Lile kundi naliamini, wote watu wazima." Imani yake iko kwenye kundi. Na wa mahamri, Ijumaa, alisema "nakuamini".

Yaani kile kiambishi kidogo katikati, -mw-, -i-, -li-, -ku-, kinajibu swali ambalo hojaji yetu yote ya kurasa sita haikuliuliza. Tulikuwa tukiuliza kuhusu "i" watu wakitujibu kuhusu "mw".

Dokta kasikiliza hadi mwisho, akasema hiyo ni sarufi tu. Mtu wa takwimu kasema hiyo ni data, akaongeza kwamba ni data chafu: wengi wanasema "naamini" bila kiambishi chochote, na mwingine akisema "nawaamini" hujui ni kina nani. Yote mawili ni kweli. Tumekubaliana tuyaweke alama maelezo yote upya kwa kiambishi, na pale pasipo nacho turudi kumuuliza mtu: unamwamini, au unaiamini? Nimelijaribu swali hilo kwa mama yangu mdogo jioni. Katulia kidogo, kacheka, akasema, "Eh. Namwamini."

Wiki ya 2, Alhamisi

Baraza la kahawa, jirani na barabara ya 12, baada ya alasiri. Wazee saba, birika la shaba, kashata za nazi. Mwanamke kukaa pale si desturi sana, ila mmoja wao ni ami yangu, na leo nimekuja na mgeni ambaye ni Dokta, basi nikawekewa kiti pembeni.

Dokta kawasomea ujumbe mmoja kwamba nauli za mabasi zimepunguzwa nusu. (Tumeutunga sisi, na kabla ya kuondoka tumewaambia hivyo. Kila tunakopita huwa tunafanya hivi, ndiyo sharti la kamati ya maadili.) Nilitegemea mjadala wa nauli. Ami akaweka kikombe chini.

"Umepokea kwa nani?"

"Tuseme kwa rafiki."

"Na rafiki kapokea kwa nani?"

"Sijui."

"Basi hiyo dhaifu." Wenzake wakaitikia kwa vichwa, yakaisha. Hakuna aliyegusa nauli.

Dokta hakuelewa hadi tulipotoka. Nikamweleza kwamba hawa wamekaa darsani tangu utoto, wanajua hadithi ya Mtume hupimwa kwa wapokezi wake: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, na kiungo kimoja kisipojulikana hadithi inashuka daraja hata kama maneno yake mazuri. Chombo hicho wanacho, wanakigeuzia WhatsApp.

Dokta akasimama katikati ya njia, bajaji ikampigia honi. Akanieleza utafiti mwingine wa Stanford, wa Sam Wineburg na Sarah McGrew, mwaka 2017. Waliwaweka mbele ya kompyuta wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wanafunzi 25 na wahakiki habari wa kazini 10, wakawapa tovuti wazipime. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki kwenye ukurasa wakiusoma juu hadi chini, wakavutwa na nembo nzuri na marejeo mengi. Wahakiki hawakukaa. Walitupia jicho, wakatoka, wakafungua kurasa nyingine kuuliza: hawa ni nani, na wengine wanasemaje juu yao? Wakapata jibu sahihi kwa muda mfupi zaidi. Ami yangu, asiyejua kufungua hata ukurasa mmoja, kafanya lilelile kwa maswali mawili.

Nisiwapambe wazee kupita kiasi lakini. Mmoja wao, aliyeitikia kwa kichwa kuliko wote, alinionyesha baadaye ujumbe wa tiba ya macho kwa kitunguu. Nikamuuliza wapokezi. "Aa, huu kanitumia shemeji yangu." Shemeji ametosha. Msururu ukianza na mtu wa nyumbani, hakuna anayeuliza wa pili.

Na lipo suala la bando. Wahakiki wa Wineburg walifungua kurasa nyingine bila kufikiria gharama. Huku mtu anajua megabaiti zake kama anavyojua chenji yake. Kwa hiyo "kutoka nje ya ukurasa" Tanga ni kupiga simu: una mjomba bandarini, dada hospitalini, mwanafunzi mwenzio aliyeajiriwa halmashauri. Asiye na mjomba bandarini, huyo ndiye nataka kumfuata wiki ijayo.

Wiki ya 3, Jumatatu

Kundi jipya la majaribio: habari kumi na mbili, nusu za kweli, nusu za kutunga, zote kwa sura ya ujumbe wa simu. Dokta anashikilia kwamba tukipima tu kama watu wanakataa uongo tutajidanganya. Mtu anayekataa kila kitu atapata alama zote na atakuwa hajui lolote. Lazima tuone na ya kweli anaikubali.

Za kweli tumezichagua zile zinazosikika za uongo, na hapa nilifurahi, Tanga ina hazina. Ya kwanza: samaki aliyedhaniwa ametoweka duniani miaka milioni 66 iliyopita anavuliwa pwani ya Tanga. Ni silikanti. Alionekana hai mwaka 1938 Afrika Kusini, na tangu 2003 wavuvi wetu wamewatoa wengi tu, hata mwaka 2009 likatangazwa eneo la hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Ya pili: nyuki waliwashambulia askari waliokuja kuuteka mji wa Tanga mwaka 1914.

Wiki ya 3, Jumatano

Soko la samaki la Deep Sea, kusi limevuma, wavuvi wengi wako nchi kavu wakishona nyavu. Siku nzuri ya kuhoji.

Silikanti kwao si habari. "Huyo tunamjua, ana mafuta mabaya, ukimla tumbo linakimbia." Kweli tupu. Lakini wanafunzi wawili wa chuo, kilomita chache tu toka hapo, walisema jana kwamba picha hiyo imetengenezwa na akili mnemba. Sasa hivi kila cha ajabu ni akili mnemba, ni njia rahisi ya kutofikiri.

Nyuki wametuvuruga. Tulikuwa tumeiandika "kweli" kwenye karatasi ya majibu, na ni kweli: Novemba 1914 jeshi la Waingereza kutoka India, watu kama 8,000, lilishuka hapa likashindwa na askari wa Wajerumani wapatao 1,000 tu, na nyuki walitoka mizingani wakauma pande zote. Mzee mmoja mshona nyavu akasema, "Nyuki wale walitegwa na Mjerumani kwa nyuzi." Hiyo sehemu ya nyuzi ndiyo uvumi, na walioueneza ni Waingereza wenyewe. Unapopigwa na watu wachache namna hiyo, nyuki waliofunzwa wanakusitiri kidogo. Zaidi ya miaka mia imepita, uvumi wa mshindwa bado unatembea Deep Sea ukiwa umeshikana na ukweli, na sisi hatuna kisanduku cha kuutia. Mtu wa takwimu anataka tuiondoe. Nimekataa.

Nimewauliza pia kuhusu kimbunga Hidaya, Mei 2024. Mamlaka ya hali ya hewa ilitoa tahadhari mapema, boti zikasimama, watu wakakaa macho. Kikapoteza nguvu karibu na Mafia. Upande wa Kilwa na Lindi mvua zilikata barabara, watu wakakwama siku kadhaa. Ila hapa Tanga kilichobaki kwenye kumbukumbu ni "walisema kimbunga, hakikuja". Tahadhari iliyokuwa sahihi imeandikwa kwenye vichwa vya watu kama uongo, kwa sababu haikuwagusa. Mvuvi mmoja: "Siku nyingine sitawaamini." Nimepigia mstari -wa-.

Wiki ya 3, Jumamosi

Naandika haya mikono ikitetemeka kidogo. Kosa ni langu na Dokta kasema niliandike kama lilivyo.

Alhamisi, Makorora, nilimhoji bibi mmoja, umri wa nyanya yangu. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono mmoja, kaifunga kwa uzi. Kwenye kishikwambi haoni vizuri kwa sababu ya mwanga wa mlangoni. Akasema, "Nitumie kwa simu ya mjukuu, ile naiweza, anaikuza." Kanuni yetu ni wazi: habari za majaribio hazitoki kwenye vishikwambi. Lakini bibi kanipa kiti, kanipa maji, ananiita mama. Nikatuma moja tu. Ilikuwa tangazo la kutunga kwamba maji yatakatika Ngamiani, Makorora na Mikanjuni kwa siku tatu kuanzia Jumapili, sababu matengenezo ya bomba kuu. Nembo ya juu tuliibuni wenyewe tusije tukagusa ofisi ya kweli.

Bibi akasema anaiamini. Mwishoni nikamweleza kuwa ni ya uongo, tumeitunga. Akacheka hadi akajifuta machozi. Mjukuu nikamwomba aifute, nikaona kwa macho yangu akiifuta. Sikuwaza kuuliza kama keshaisukuma kwingine. Alikuwa keshaisukuma, kundi la familia, dakika mbili baada ya kuipata.

Jana saa mbili usiku simu yangu ikalia. Shangazi yangu, barabara ya 12. Ujumbe una mishale miwili, ambayo WhatsApp huiweka pale ujumbe unapokuwa umepita mikono mitano au zaidi. Picha ni yetu, ile nembo ya kubuni ya kijana wa kompyuta, na chini yake mtu ameongeza maneno ambayo sisi hatukuyaandika:

"Hii ni ya kweli, imetoka kwa watu wa chuo kikuu wanaofanya utafiti hapa mjini."

Nilikaa chini. Katika msururu wa watu watano au kumi, kila mmoja alipoteza kitu, mmoja kasahau bibi, mwingine kasahau kicheko. Kilichobaki hadi mwisho ni sisi. Wapokezi wote wamefutika isipokuwa yule ambaye kuwepo kwake kunaifanya iaminike.

Nikampigia.

"Shangazi, ile ya maji ni ya uongo."

"Nani kasema?"

"Mimi. Tumeitunga sisi, ni ya mradi."

"Si ndiyo hao, watu wa chuo?"

"Ndiyo sisi."

"Haya. Wa chuo wamesema maji yatakatika, na wewe wa chuo unasema hayatakatika. Mimi nimeshajaza madumu, mwanangu. Maji hayaozi kwa siku tatu."

Leo asubuhi nimepita mtaani. Ndoo, sufuria za shughuli, hadi mapipa ya harusi yametolewa. Muuza maji wa mkokoteni kapandisha bei ya dumu, na ukimuuliza anakuonyesha picha yetu kwenye simu yake.

Wiki ya 3, Jumapili

Tumesimamisha kazi zote. Dokta kaandika taarifa kwa kamati ya maadili, kaenda mwenyewe kwa watendaji wa mitaa mitatu kueleza. Nilimwambia nitajiondoa kwenye mradi, akasema nikajiondoe kwa bibi kwanza, nimwombe radhi.

Kisha tukabishana kuhusu kusahihisha. Yeye alitaka barua yenye muhuri wa chuo, faili la kurasa mbili. Nikamwambia faili halifunguliwi, bando, na hata likifunguliwa litakuwa "i", na mtaa mzima uko kwenye "mw". Tunahitaji sauti. Ya nani? Yangu haifai, mimi ndiye wa chuo mwenye kauli mbili.

Bibi wa Makorora ndiye aliyekubali. Kajitolea hata hatujamaliza kuomba. Karekodi mara moja, bila kusoma:

"Assalaam alaykum. Mimi nyanya yenu wa Makorora, mama wa samaki. Ile ya maji mimi ndiye wa kwanza kuipokea, nimeipokea kwa binti wa chuo aliyekuja kunijaribu kama naweza kudanganyika. Nimedanganyika. Mjukuu wangu kaichukua kwangu, kaitia kundi la nyumbani. Kwa hiyo mwanzo wake ni huo, hakuna maji yanayokatika. Mwenye madumu afulie nguo."

Sekunde chache, na msururu wote umo ndani, toka mpokezi wa kwanza. Ami yangu kaisikiliza mara mbili akasema, "Hii sasa sahihi."

Maji Jumapili yametoka mabombani kama kawaida.

Wiki ya 4, Ijumaa

Kamati imejibu: endeleeni baada ya mafunzo upya, na mfuatilie madhara kwa wiki nne. Vishikwambi sasa vimefungwa, haviwezi kutuma chochote, na kila habari ya kutunga ina neno JARIBIO limelala juu yake baada ya mshiriki kujibu.

Sauti ya bibi imenirudia mara moja tu, kwa mshale mmoja. Picha ya maji imenirudia mara nne, na mara ya mwisho ilitoka Muheza, ambako hata hiyo mitaa ya Ngamiani na Makorora iliyotajwa haipo. Kijana wa kompyuta ananikumbusha kwamba tangu Aprili 2020 ujumbe wa mishale miwili hupelekwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Sawa. Lakini vidole ni vingi.

Wiki nne za kamati zimemkumbusha Dokta kitu cha zamani. Mwaka 1951, Hovland na Weiss wa Yale waliwapa wanafunzi makala zilezile, wengine wakiambiwa zimetoka kwa mtu wa kuheshimika, wengine kwa chanzo wasichokiamini. Makala ya nyambizi za nyuklia, kwa mfano: kwa hawa aliyesema ni mwanafizikia Oppenheimer, kwa hawa ni gazeti la Pravda la Urusi. Siku hiyohiyo tofauti ilikuwa kubwa, chanzo kizuri kiliwageuza wengi zaidi. Baada ya wiki nne tofauti ilikuwa karibu imeyeyuka. Maneno walikuwa wameyabakiza, aliyeyasema kawaponyoka.

Ikiwa ni hivyo, "mw" ya watu wetu ina umri. Inaanza mtu, inaishia habari. Tumepanga kuwarudia washiriki wetu wote wiki ya saba na kuwauliza habari zilezile, bila kuwakumbusha kitu. Shangazi si mshiriki, lakini nitampitia.

Wiki ya 7, Jumanne

Mengi ya leo yako kwenye jedwali la mtu wa takwimu, bado tunayaweka alama, siyaandiki hapa. Mama wa mahamri amefurahi kutuona, katupa matatu ya bure. Kamkumbuka kijana wa kompyuta kwa shati, kwa kurasa zile hakumbuki hata moja.

Jioni nimekwenda kwa shangazi. Uani madumu sita ya njano yamepangwa ukutani, yote yamejaa, yamefunikwa kwa mifuniko na juu yake mawe.

"Shangazi, shikamoo. Mbona umehifadhi maji hivi?"

"Marahaba. Si walisema yatakatika."

"Nani walisema?"

Akafikiri. Nilimwona anatafuta kwa dhati, kaangalia juu kwenye paa la jirani kama jina liko pale.

"Walisema tu," akasema. "Wewe hukusikia? Na nyie wa chuo mnapitwa na mambo."

Nimelitoa daftari, nimeandika *wa-*, nikaweka alama ya kuuliza. Nyuma yangu bomba la uani lilikuwa linatiririka, kasahau kulifunga. Kanipa dumu moja nimpelekee Dokta.